Ndago shambani: kiangazi chimba, mvua kwangua

Kila mvua ya mwaka inapoanza, wakulima wa huku kwetu Malindi, pwani ya Kenya, wa Ganda, Msabaha, Kakuyuni na kando ya mto Sabaki, huleta swali lile lile kuhusu ndago, gugu lenye vijiazi chini ya ardhi: nimelima, nikapalilia, nikapalilia tena, na ndago imerudi nyingi kuliko mwanzo, nifanyeje? Hawakukosa bidii. Walichokosa ni majira. Wengi huliacha konde lipumzike kiangazi, kisha mvua ikishanyesha hulichimba kwa nguvu zote. Kwa ndago, huko ni kufanya kinyume. Kiangazi ndicho cha kuchimba. Mvua ni ya kukwangua juu juu tu, tena kwa kuhesabu majani.

Mwongozo huu ni wa shamba la mboga, kunde au mahindi linalolimwa kwa mkono, la robo eka hadi eka moja. Mwenye eka kumi na trekta atafuata mantiki hiyo hiyo, ila vifaa vyake vitakuwa vingine.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Jembe la meno. Jembe la kawaida hukata vijiazi vya ndago vipande vipande. Meno huviinua vikiwa vizima.
- Jembe la kawaida lililonolewa vizuri, la kukwangulia. Jembe butu huvuta udongo badala ya kukata.
- Reki ya chuma.
- Ndoo au karai la kukusanyia vijiazi, na bati kuukuu la kuvianikia.
- Vigingi 4 na kamba ya kuzungushia mita 1 kwa mita 1.
- Mbegu ya kunde inayotambaa, au fiwi (jamii ya maharagwe), ya kutosha kipande chote.
- Daftari na kalamu, au simu ya kupiga picha.

Dawa ya magugu ya kupulizia sikuiweka kwenye orodha. Ina sehemu yake huko mbele, nayo si ya kila shamba.

## Hakikisha kwanza kwamba ni ndago

Ng'oa mche mmoja, ushike kwenye shina chini ya ua na uuviringishe kwa vidole. Shina la ndago lina pembe tatu na limejaa ndani. Nyasi kama ukoka lina shina la duara lenye vifundo. Majani ya ndago hutoka upande wa chini kwa safu tatu, yanang'aa, na hayana kifundo chochote kwenye shina.

Kisha utambue ni ndago ipi, kwa sababu ziko mbili zinazosumbua mashamba.

Ndago ya maua mekundu, ambayo wataalamu huiita Cyperus rotundus. Ua lake ni la rangi ya hudhurungi inayoelekea zambarau. Vijiazi vyake vimepangana kwenye kamba nyembamba chini ya ardhi kama shanga kwenye uzi. Vina magamba na vijinywele, ni vyeusi kwa nje na vyeupe ndani, vinanukia, na ukivitafuna ni vichungu. Hii ndiyo sugu zaidi.

Ndago ya maua ya njano, Cyperus esculentus. Ua lake lina rangi ya dhahabu, na ncha ya jani ni ndefu iliyochongoka polepole. Kijiazi hukaa kimoja kimoja mwishoni mwa kamba. Ni laini, cha mviringo, na kina utamu unaokaribia wa lozi.

Kuzitofautisha si anasa. Dawa zenye metolaklori, kwa mfano, huipunguza ndago ya njano lakini ile nyekundu haiguswi sana nazo. Mkulima asiyejua ana ipi hununua dawa, huipuliza, kisha hulaumu duka.

## Kwa nini ukiilima kwenye unyevu inazidi

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ndago haitegemei mbegu. Mbegu za ndago nyekundu huota kwa nadra sana. Inategemea vile vijiazi, na vingi vyake vimo katika sentimita 15 za juu za udongo, ingawa vingine hushuka hata sentimita 30. Kila kijiazi kina macho kadhaa. Jicho moja likichipua na kukatwa, jingine huamka.

Vijiazi vilivyo kwenye kamba moja havichipui vyote pamoja. Kimoja kikichipua huvizuia wenzake, navyo hulala vikingoja. Ukipitisha jembe katikati ya kamba hiyo kwenye udongo wenye unyevu, umekiondoa kizuizi. Kila kipande kinajikuta peke yake, nacho kinachipua. Palipokuwa na mche mmoja, wiki mbili baadaye unaona sita. Hakuna aliyekuroga.

Kuna ushauri mwingi unaosambazwa kwa simu unaosema "ng'oa mzizi wote na umemaliza". Ushauri huo ni sahihi kwa magugu yenye mzizi mkuu mmoja, kama yale ya jamii ya Rumex yanayosumbua malisho ya nyanda za juu za Kenya: ukiukata mzizi chini ya shingo yake, sehemu iliyobaki haina nguvu ya kurudi. Ndago haina shingo moja ya kukata. Udhaifu wake uko kwingine, nao ni mitatu: kijiazi kikikauka hufa, kijiazi kinachochipua bila kupata majani ya kukilisha huishiwa, na mche wenyewe hauvumilii kivuli. Hatua zote zinazofuata zinapiga pale pale.

## Hatua ya 1: Chagua kipande na ukihesabu

Usianze na shamba zima. Chagua kipande ambacho una hakika utaweza kukirudia kila baada ya wiki mbili au tatu bila kukosa, hata wakati wa Ramadhani, hata wakati wa arusi za majirani. Kwa mtu na mwenzake mmoja wanaolima kwa mkono, robo eka inatosha kabisa kwa msimu wa kwanza.

Pigilia vigingi vyako mahali patatu tofauti ndani ya kipande, mita 1 kwa mita 1, na uhesabu miche ya ndago katika kila mraba. Andika. Bila namba hiyo, baada ya miezi mitatu utakapoona ndago bado ipo utakata tamaa, ingawa pengine imebaki robo ya ilivyokuwa.

*Dalili kwamba umefanya sawa:* una namba tatu zimeandikwa, na vigingi unaweza kuvirudisha mahali pale pale.

## Hatua ya 2: Chimba wakati wa kaskazi

Wakati wake ni Januari hadi mapema Machi, pepo za kaskazi zinapovuma na jua la Malindi likichoma. Udongo uwe mkavu. Kama mvua ya vuli imechelewa kuisha na udongo bado unashikana ukiufumbata, ngoja.

Choma jembe la meno kina cha sentimita 20, inua, geuza, na uyavunje madonge. Usikimbie. Kwenye mchanga, na ule udongo mwekundu wa upande wa Magarini, vijiazi hujitenga kwa urahisi na unaweza kuvivuta kwa reki. Kwenye udongo mzito wa kando ya Sabaki ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu donge likikauka huwa gumu na kijiazi kilicho ndani yake kimepata nyumba. Huko chimba mapema kidogo, udongo ukiwa umekauka nusu, na uyapasue madonge siku hiyo hiyo.

Pitisha reki, kusanya unavyoviona, vitie kwenye ndoo. Hutaviona vyote, wala huhitaji. Vilivyobaki juu ya ardhi vitapigwa na jua.

Baada ya wiki moja, rudi na jembe la meno uugeuze udongo tena. Mzunguko wa kwanza hukausha vya juu tu. Wa pili huvipandisha vya chini. Kama una nguvu na nafasi, fanya wa tatu.

Tahadhari. Usimwagilie kipande hiki wakati huu, hata tone. Usipande hata mche mmoja wa mchicha pembeni kwa kuwa "maji yapo". Kijiazi kilichokauka nusu kikipata maji hufufuka, na kazi yako ya wiki mbili inapotea kwa ndoo moja. Na mvua ya ghafla ikinyesha ukiwa katikati ya hatua hii, acha kuchimba mara moja, uvuke moja kwa moja hadi hatua ya 4.

*Dalili za mafanikio:* okota vijiazi kumi vilivyobaki juu ya udongo, uvikate kwa kucha au kisu. Kilicho hai ni cheupe ndani na kinakatika kwa kishindo kidogo. Kilichokufa kimesinyaa, kimekuwa cha hudhurungi ndani na hakina maji. Ikiwa vingi ni vya aina ya pili, kaskazi imekufanyia kazi. Ukiwa na shaka, vizike kwenye kopo la mchanga wenye unyevu na uliweke kivulini kwa wiki mbili. Kilicho hai kitajitokeza chenyewe.

## Hatua ya 3: Viue vijiazi ulivyokusanya

Vianike juu ya bati, kwa utandazo mwembamba, kwa wiki mbili za jua kali. Vigeuze kila baada ya siku chache. Kisha vichome pamoja na takataka za shamba.

Usivitie kwenye shimo la mboji. Katikati ya lundo huwa na joto, lakini pembeni hakuna, na kijiazi kikiangukia pembeni kitakula mbolea yako. Usivitupe barabarani wala kwenye mtaro, kwa maana maji ya masika yatavipeleka kwa jirani.

## Hatua ya 4: Ziamshe zilizobaki kabla ya kupanda

Mvua ya mwaka ikianza, Machi mwishoni au Aprili, kila mtu hukimbilia kupanda siku ya kwanza. Wewe ngoja. Kipande chako kiache kitupu, kipate mvua ya kwanza, na ndago zilizosalia zichipue.

Zitakapokuwa na majani matatu au manne, pita na jembe lililonolewa ukwangue sentimita 2 au 3 za juu. Unakata tu, huchimbi. Fanya hivyo asubuhi ya siku yenye jua ili miche iliyokatwa inyauke kabla ya jioni.

Najua inauma kumwona jirani ana mahindi ya goti na wewe bado unaangalia udongo mtupu. Kwa mahindi, kuchelewa huko kuna gharama kweli, kwa sababu mvua ya hapa hufikia kilele chake Mei na huisha haraka. Ndiyo maana kwenye kipande hiki, msimu wa kwanza, sipendekezi mahindi kabisa.

*Dalili za mafanikio:* mchipuo wa pili, baada ya kukwangua, una miche michache kuliko wa kwanza, na majani yake ni membamba na yamepauka kidogo. Kijiazi kimeanza kula akiba yake.

## Hatua ya 5: Panda zao la kivuli

Sasa panda kitu kitakachofunika ardhi upesi. Kunde inayotambaa ndiyo chaguo langu la kwanza kwa Malindi: mbegu inapatikana, majani yanauzika kama mboga kabla hata ya kunde zenyewe, na ardhi hufunikwa vizuri. Fiwi pia hufanya kazi nzuri, ila huchukua muda mrefu zaidi.

Panda kwa kubana kuliko kawaida. Ikiwa hupanda mstari kwa mstari sentimita 60, shusha hadi 40. Mwanga unaofika kwenye ardhi ndio chakula cha ndago, na kila siku unayowahi kuufunga ni ya faida.

Yako mazao ya kuepuka katika msimu huu wa kwanza:

Vitunguu na karoti, kwa kuwa majani yao ni membamba na hukua polepole. Ndago itavimeza.

Bamia na pilipili pekee, kwa kuwa huacha nafasi kubwa wazi katikati. Ukizipenda, zichanganye na kunde chini yake.

Viazi vitamu na mihogo. Majani ya viazi vitamu ni kivuli kizuri, na kwenye ndago chache ni zao zuri sana. Lakini penye ndago nyingi, ncha kali za kamba zake hutoboa viazi ardhini, na kiazi kilichotobolewa hakina bei sokoni. Vingoje msimu wa pili au wa tatu.

Kuna njia nyingine inayowafaa wenye kisima na soko la karibu: mchicha wa kung'oa. Mchicha unang'olewa mzima baada ya wiki tatu au nne, kisha tuta hukwanguliwa na kupandwa upya. Mzunguko huo unakaribiana sana na ule wa ndago, kwa hiyo kila mavuno yanakuwa palizi. Uvune ungali mdogo, wiki ya tatu, usisubiri mafungu manene. Ninaupenda mpango huu kwa mashamba madogo ya Gede na Msabaha kwa sababu pesa inaingia wakati vita vinaendelea.

## Hatua ya 6: Rudi kwa kuhesabu majani

Kama ni hatua moja tu utakayoikumbuka, iwe hii.

Mche mchanga wa ndago, tangu unapotokeza hadi unapofikisha majani matano au sita, unaishi kwa akiba ya kijiazi cha zamani. Bado haujatengeneza vipya. Ukivuka hapo, mambo hugeuka: majani yanaanza kurudisha chakula chini, na kamba mpya zenye vijiazi vipya zinatandaa.

Kwa hiyo kanuni ni hii: ukate mche ukiwa na majani matatu au manne, kamwe usiuache ufike sita. Kila ukiukata hapo, kijiazi kimetoa na hakijapokea. Baada ya kukatwa mara nyingi, macho yake huisha na akiba yake huisha.

Kwa joto la Malindi na mvua ya Mei, hiyo ni kila wiki mbili, wakati mwingine hata chini. Juni na Julai, hewa ikipoa na kusi ikivuma, inaweza kufika wiki tatu. Usifuate kalenda peke yake. Inama uhesabu majani ya miche kumi.

Hapa ndipo palizi ya kawaida inapokosea. Mkulima hupalilia mara mbili kwa msimu, wiki ya tatu na wiki ya saba. Kati ya palizi hizo ndago imepata wiki nne za kujaza ghala lake. Alichofanya ni kuipunguzia urefu tu.

Namna ya kukata: jembe liende juu juu, sentimita 2 au 3, usawa na ardhi. Ndani ya mistari ya kunde tumia mkono au kipande cha panga. Usiingie kwa kina, maana sasa kuna unyevu, na kila kamba utakayoikata ni vijiazi ulivyoviamsha. Ukitaka kung'oa kwa mkono, ng'oa baada ya mvua udongo ukiwa laini, vuta polepole kutoka chini kabisa. Ikikatika, si hasara, umeikata tu.

Tahadhari. Kwanja halisaidii. Likifyeka juu linaacha majani ya chini, na hayo yanatosha kulisha kijiazi. Kuchoma moto nako huunguza majani na kuviacha vijiazi vikiwa salama ardhini.

Kunde zikishafunga, kazi hupungua ghafla. Ndago chache zitakazotoboa juu ya majani zing'oe unapopita kuchuma mboga.

*Dalili za mafanikio:* rudisha vigingi vyako mwishoni mwa Julai na uhesabu. Namba iliyoshuka hadi nusu ni msimu mzuri. Iliyoshuka hadi robo ni msimu bora sana. Chimba miche michache: kijiazi kinachoelekea kufa ni laini ukikibonyeza, na hakina kamba mpya nyeupe zinazotoka pembeni.

## Hatua ya 7: Rudia vuli, kisha kaskazi tena

Msimu mmoja haumalizi. Vijiazi vilivyolala chini vinaweza kukaa hai kwa miaka kadhaa, na lengo ni kuvikuta kila vinapochungulia. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, fanya hatua ya 4 hadi ya 6 tena, kwa mchicha au kunde. Januari rudi hatua ya 2.

Misimu miwili ya kukata bila kukosa kila wiki tatu au chini ya hapo ndiyo kipimo cha chini. Ukiruka mwezi mmoja katikati, umerudi nyuma sana, kwa sababu miche michache iliyobaki sasa ina nafasi na mbolea yote kwa ajili yake. Ndiyo maana nilisema uchague kipande kidogo.

Kipande cha kwanza kikishakuwa kwenye matunzo mepesi, fungua cha pili kando yake.

## Nailoni inasaidia?

Nailoni nyeusi ya kufunika matuta haizuii ndago. Ncha yake ni kali na huitoboa. Makatoni nayo hutobolewa. Makuti na majani makavu yaliyotandazwa nene hupunguza kasi yake na kuhifadhi unyevu, basi.

Nailoni nyangavu, ile inayopitisha mwanga, ina faida tofauti. Lowesha udongo uliochimbwa vizuri, itandaze Januari au Februari, zika kingo zake zote kwa udongo, uiache wiki 4 hadi 6. Joto linalojengeka chini yake huua vijiazi vya juu, na kwa kuwa kuna mwanga, miche hufungua majani chini yake badala ya kuitoboa, kisha huungua. Vya chini zaidi huokoka. Ni njia nzuri kwa kitalu cha miche cha mita chache. Kwa robo eka ni ghali, na uchimbaji wa kaskazi hufanya kazi ile ile bila malipo. Ukimaliza, itoe yote. Vipande vya nailoni udongoni ni balaa jingine.

## Dawa: lini, na kwa nini hushindwa

Dawa ya glifosati hupenya kwenye majani na kushuka hadi kijiazi. Haiui vijiazi vilivyolala ambavyo havina jani juu, kwa hiyo hata nayo utarudia. Ifikirie kwa eneo kubwa lisilo na zao ndani yake. Kwenye bustani ya mboga ya nyumbani sioni haja yake.

Inaposhindwa hapa kwetu, mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi.

Maji. Glifosati hushikwa na chembe za udongo na kupoteza nguvu. Maji ya Sabaki yenye tope hayafai kabisa kuchanganyia. Maji ya visima vya mwamba wa matumbawe yana chokaa nyingi, nayo huidhoofisha. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa, au maji safi ya mfereji.

Umri wa mche. Hapa kanuni ni tofauti na ya jembe. Ukipuliza, ngoja ndago iwe na majani ya kutosha na inakua vizuri, ili dawa ipate njia ya kushuka. Kupuliza siku mbili baada ya kukwangua ni kumwaga pesa. Kupuliza ndago iliyosinyaa kwa ukame ni vivyo hivyo.

Haraka. Baada ya kupuliza, usiguse shamba kwa siku 7 hadi 14. Anayelima siku ya tatu kwa kuona majani bado ni mabichi huikata dawa njiani. Mvua nayo isinyeshe ndani ya saa 6 za kwanza.

Dawa za 2,4-D huchoma majani ya juu, na ndago hurudi. Chochote unachonunua, soma kipimo kwenye lebo, na uhakikishe lebo ina namba ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za kilimo nchini. Puliza alfajiri kabla kusi haijapata nguvu, uvae gamubuti, glavu, barakoa na nguo ya mikono mirefu. Usioshee pampu mtoni wala karibu na kisima.

## Njia zinazoirudisha ndago shambani

Udongo ndio usafiri wake. Miche ya miembe na mikorosho iliyonunuliwa ikiwa kwenye udongo, mchanga wa kujazia, samadi iliyozolewa pamoja na udongo wa zizi, majembe ya kuazimwa, na meno ya trekta la kukodi lililotoka shamba la mtu mwingine jana yake. Trekta likifika, liombe lisafishwe mpakani kabla halijaingia. Dereva atanuna, mwache anune. Samadi ichunguze kwa kuweka ndoo moja kivulini ikiwa na unyevu kwa wiki mbili. Miche mipya ikague kila wiki kwa miezi miwili ya kwanza.

Mpaka wa shamba uwe na ukanda wa mita moja unaokwanguliwa kila unapokwangua ndani, kwa sababu kamba za ndago hazijui mpaka.

## Na matumizi yake je?

Yapo, ingawa hayatoshi kuwa sababu ya kuilea.

Mbuzi na ng'ombe hula majani machanga, kwa hiyo unayokwangua wape, ilimradi hakuna dawa iliyopulizwa na vijiazi umevitoa.

Vijiazi vinavyonukia vya ndago nyekundu ni dawa ya asili kwa watu wengi. India huitwa musta na hutumika katika tiba za Ayurveda. Uchina huitwa xiangfu, na hutumiwa hasa kwa matatizo ya hedhi. Kwa sababu hiyo hiyo mama mjamzito asiviguse, na mtu yeyote anayetumia dawa za hospitali amuulize daktari kwanza.

Vile vitamu vya ndago ya njano ni chakula hasa. Kaskazini mwa Nigeria hutengenezwa kinywaji cha kunun aya, na Valencia nchini Hispania hulimwa mashambani kwa ajili ya kinywaji cha horchata. Ukitaka kujaribu, vioshe vizuri, viloweke usiku kucha na mchana wake hadi vivimbe, visage na maji, chuja kwa kitambaa, tia sukari au tende na iliki kidogo, unywe kikiwa baridi siku hiyo hiyo. Hutoka kinywaji cheupe kinachofanana na maziwa.

Chukua vya mahali ambapo hakukupulizwa dawa. Na ukivipenda kiasi cha kutaka kuvipanda, vipande kwenye beseni kuukuu au gunia lililokaa juu ya sakafu ya saruji, mbali na konde, na maji yanayochuruzika yasielekee shambani.